Daftari la Nahodha: Onyesha Orodha, Usiikabidhi



Somo la leo ni la wale wanaounganisha huduma yetu ya malipo na programu zao wenyewe za iPhone, hasa mliorithi programu ya zamani iliyoandikwa kwa Objective-C. Lakini kama wewe si fundi, ni mwenye boti, duka au nyumba ya wageni, na ulimlipa mtu akutengenezee programu, usiondoke. Ruka msimbo, soma kisa cha mwanzo na maswali ya mwisho. Utapata jambo la kumwuliza fundi wako.

Leo tutajifunza:

- kwa nini orodha ya malipo inaweza kufutika bila mtu yeyote kuiba;
- namna ya kuonyesha orodha ya kusoma tu, huku ile ya kuandikwa ikibaki ndani;
- mitego minne inayowanasa hata mafundi wazoefu;
- na mpaka wa somo lenyewe: kitu ambacho programu ya simu haiwezi kukulinda nacho.

Kisa cha boti ya Mokowe

Kisa hiki tumekitunga, lakini kasoro iliyomo ni ya kweli. Sisi wenyewe tumewahi kuikuta ndani ya msimbo wetu.

Tuchukue boti ya abiria inayovuka kutoka Mokowe kwenda Lamu mjini. Ili hesabu iwe nyepesi, tuseme nauli ni shilingi 100. Abiria 14 wamelipa kwa simu wakiwa bado gatini. Pesa zimeingia kwenye akaunti ya biashara ya boti, na simu ya boti imepokea taarifa ya kila malipo.

Simu hiyo ina programu yenye kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza unaitwa "Wanaosubiri": baharia anagusa jina la kila abiria anayepanda, na jina linaondoka. Ukurasa wa pili unaitwa "Hesabu": nahodha anaona jumla ya nauli za safari.

Abiria 11 wameshapanda. Nahodha anaichukua simu, anafungua "Hesabu", anaona shilingi 300.

"Mwanangu, chomboni mna watu kumi na mmoja, watatu bado wako gatini. Mbona hesabu ni mia tatu?"

"Wallahi mzee, wote wamelipa kwa simu. Mimi sijashika hata shilingi mkononi."

Baharia anasema kweli. Shilingi 1,400 zote ziko kwenye akaunti. Lakini nahodha anaamini anachokiona kwenye kioo, na nyuma yake kuna watu wanasikiliza. Lamu ni mji wa watu wanaojuana. Neno la gatini linaweza kufika Shela kabla boti haijafunga kamba. Pesa zikipotea hutafutwa. Jina la kijana likichafuka, nani atalisafisha?

Basi tuangalie zile shilingi 1,100 zilikwenda wapi.

Kasoro iko wapi?

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Boti hii daftari inalo. Tatizo ni kwamba daftari lenyewe limepewa kila mtu, pamoja na kalamu.

Fundi wa kwanza aliandika klasi ya `Daftari`. Ndani yake kuna orodha inayobadilika, yaani `NSMutableArray`, kwa sababu malipo mapya yanaongezwa kila mara. Kwa nje akaitangaza kuwa `NSArray`, orodha isiyobadilika, akaweka na neno `readonly`. Akaona amemaliza:

```
// Daftari.m, toleo lenye kasoro
- (NSArray<Malipo *> *)malipo {
    return self.malipoYaNdani; // ni NSMutableArray
}
```

Kompaila haikulalamika hata kidogo. Sababu ni kwamba `NSMutableArray` ni klasi mtoto ya `NSArray`. Kila orodha inayobadilika inakubalika pale inapotakiwa isiyobadilika. Kwa hiyo kibao cha mlangoni kinasema "kusoma tu", ila kinachotolewa nje ni orodha ileile ya ndani. Haikunakiliwa.

Fundi wa pili ndiye aliyetengeneza ukurasa wa "Wanaosubiri". Alitaka orodha ambayo anaweza kuondoa majina. Alipochungulia akaona kitu alichopewa kwa kweli kinabadilika, akalazimisha aina:

```
NSMutableArray *wanaosubiri = (NSMutableArray *)daftari.malipo;
[wanaosubiri removeObject:aliyepanda];
```

Kwake yeye anafuta jina kwenye ukurasa wake. Kumbe kila abiria anapopanda, malipo yake yanafutwa kwenye daftari la nahodha. Wamepanda 11, yamefutwa 11. Yamebaki 3, sawa na shilingi 300.

Huyo fundi wa pili amekosea, sawa. Lakini wa kwanza ndiye aliyeacha mlango wazi. Na hata pasiwe na mtu wa kulazimisha aina, bado kuna hatari nyingine: orodha uliyopewa inaweza kubadilika ukiwa katikati ya kuisoma. Malipo mapya yakiingia wakati ukurasa unapita kwenye orodha kwa kitanzi cha `for`, Objective-C inasimamisha programu kwa kosa la orodha kubadilishwa ikiwa inapitiwa. Programu inajifunga ghafla, tena siku yenye abiria wengi, kama vile msimu wa Maulidi ambapo vyombo vinavuka mfululizo.

Dawa: daftari ndani, nakala nje

Utaratibu ni mwepesi. Anayeandika awe mmoja. Wanaosoma wawe wengi, ila kila mmoja apewe nakala.

Tuanze na faili la `.h`, ambalo klasi nyingine zote zinaliona:

```
@interface Daftari : NSObject
@property (nonatomic, copy, readonly) NSArray<Malipo *> *malipo;
@property (nonatomic, readonly) NSInteger jumlaYaSenti;
- (void)ingizaMalipo:(Malipo *)malipo;
@end
```

Kisha faili la `.m`, ambalo ni la ndani:

```
@interface Daftari ()
@property (nonatomic, strong) NSMutableArray<Malipo *> *malipoYaNdani;
@end

@implementation Daftari

- (instancetype)init {
    self = [super init];
    if (self) {
        _malipoYaNdani = [NSMutableArray array];
    }
    return self;
}

- (NSArray<Malipo *> *)malipo {
    return [self.malipoYaNdani copy];
}

- (NSInteger)jumlaYaSenti {
    NSInteger jumla = 0;
    for (Malipo *m in self.malipoYaNdani) {
        jumla += m.senti;
    }
    return jumla;
}

- (void)ingizaMalipo:(Malipo *)malipo {
    for (Malipo *m in self.malipoYaNdani) {
        if ([m.kumbukumbu isEqualToString:malipo.kumbukumbu]) {
            return;
        }
    }
    [self.malipoYaNdani addObject:malipo];
}

@end
```

Hebu tutazame mambo matatu hapo.

Kwanza, `copy` ikiitwa juu ya `NSMutableArray` inarudisha `NSArray` ya kweli, isiyobadilika. Fundi wa pili akilazimisha aina sasa, programu itaanguka palepale anapojaribu kufuta, akiwa bado mezani kwake anafanya majaribio. Ni afadhali ianguke mezani kuliko idanganye gatini.

Pili, kuandika kuna mlango mmoja tu: `ingizaMalipo:`. Faida yake ni kwamba sheria zote za kuandika zinakaa hapo. Taarifa ya malipo inaweza kufika mara mbili mtandao ukisumbua, na mkiwa baharini mnajua mtandao unavyokuja na kuondoka. Mlango unaangalia namba ya kumbukumbu. Ikiwa imeshaandikwa, hauandiki tena.

Tatu, pesa tumeziweka kwa senti kama namba kamili, hatukutumia namba zenye nukta. Namba zenye nukta ndani ya kompyuta hazishiki kila sehemu ya kumi kwa usahihi, na makosa madogo yakijumlishwa yanaonekana kwenye mgao wa jioni.

Sasa ukurasa wa "Wanaosubiri" ufanyeje? Uchukue nakala yake wenyewe inayobadilika:

```
NSMutableArray *wanaosubiri = [daftari.malipo mutableCopy];
```

Hapo ufute utakavyo. Daftari la nahodha linabaki na malipo 14 na shilingi 1,400, awe amepanda mtu mmoja au wote.

Mtego wa kwanza: kudhani neno `copy` linafanya kazi yote

Wengi wanaandika `copy, readonly` kwenye tangazo la sifa, wanadhani kila anayesoma atapewa nakala. Sivyo. Neno `copy` kwenye tangazo linahusu wakati wa kuweka thamani, halihusu wakati wa kuisoma. Sifa ya `readonly` haina mlango wa kuweka, kwa hiyo hapo neno hilo linabaki kuwa ahadi kwa msomaji wa msimbo. Nakala ni lazima uitengeneze mwenyewe ndani ya mbinu ya kusomea, kama tulivyofanya juu.

Mtego wa pili: `copy` juu ya orodha inayobadilika

Huu ni kinyume cha ule wa kwanza. Mtu anaandika ndani:

```
@property (nonatomic, copy) NSMutableArray *malipoYaNdani;
```

Anapoweka orodha kwa `self.malipoYaNdani = ...`, mfumo unainakili, na nakala inayohifadhiwa ni isiyobadilika. Jina linasema inabadilika, kitu chenyewe hakibadiliki. Siku ya kwanza ya `addObject:` programu inaanguka. Orodha ya ndani inayobadilika iwekewe `strong`.

Mtego wa tatu: nakala ya juujuu

Ukinakili orodha, unanakili orodha tu. Vitu vilivyomo havinakiliwi, ni vilevile. Ni sawa na kunakili orodha ya majina ya abiria: karatasi ni mbili, lakini abiria ni walewale.

Kwa hiyo kama `Malipo` lenyewe linaruhusu mtu abadilishe kiasi, umefunga mlango ukaacha dirisha. Mtu hawezi kufuta malipo, ila anaweza kuyageuza kutoka shilingi 100 kuwa 10. Nalo lifungwe:

```
@interface Malipo : NSObject
@property (nonatomic, copy, readonly) NSString *kumbukumbu;
@property (nonatomic, readonly) NSInteger senti;
- (instancetype)initWithKumbukumbu:(NSString *)kumbukumbu
                             senti:(NSInteger)senti;
@end
```

Na ndani ya `init`, nakili maandishi unayoletewa:

```
_kumbukumbu = [kumbukumbu copy];
_senti = senti;
```

Kwa nini? Kwa sababu aliyekuletea `NSString` anaweza kuwa ameshika `NSMutableString`, ambayo ni klasi mtoto wake. Usiponakili, ataibadilisha baadaye na namba yako ya kumbukumbu itabadilika nayo. Kanuni ni moja pande zote mbili: kinachoingia nakili, kinachotoka nakili.

Mtu atauliza: sasa abiria akirudishiwa nauli tufanyeje, kama malipo hayabadiliki? Fanya kama mwenye duka mwangalifu. Usifute mstari. Andika mstari mwingine wa kutoa, wenye senti hasi na namba yake ya kumbukumbu. Jumla itakuwa sawa, na mtu akiuliza mwezi ujao, habari nzima itakuwepo.

Mtego wa nne: nakala ndani ya kitanzi

Kila unapoita `daftari.malipo` unaomba nakala mpya. Ukiita ndani ya kitanzi, malipo 300 yatakutengenezea nakala 300 za orodha ya malipo 300. Simu inakuwa nzito bure. Chukua nakala mara moja kabla ya kitanzi, weka kwenye kigeu, tumia hiyo.

Kama programu yako inasoma mara nyingi na kuandika mara chache, ipo njia nyingine. Hifadhi orodha isiyobadilika tangu mwanzo, na kila malipo mapya yakija tengeneza orodha mpya:

```
self.malipo = [self.malipo arrayByAddingObject:malipo];
```

Kwa njia hii sifa ya `malipo` inabaki `readonly` kwenye `.h`, na kwenye `.m` unaitangaza tena kuwa `readwrite`. Unaondoa `malipoYaNdani` pamoja na mbinu ya kusomea, na ndani ya `init` unaanza na orodha tupu. Kusoma hakugharimu kitu, kwa sababu hakuna haja ya kunakili kitu kisichobadilika.

Jambo moja la kuongezea. Taarifa za malipo mara nyingi zinafika kwenye uzi mwingine wa kazi, si ule wa kioo. Nakala peke yake haizuii nyuzi mbili kugongana wakati mmoja inaandika na mwingine inanakili. Kusoma na kuandika kote kupitie foleni moja ya mfuatano, au kufanyike kwenye uzi mkuu peke yake.

Kwa nini bado tunafundisha Objective-C?

Swali hili tunaulizwa sana. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na Juni ya mwaka huohuo iPhone ya kwanza ikaanza kuuzwa Marekani. Objective-C ilikuwepo muda mrefu kabla ya zote mbili. Brad Cox na Tom Love waliianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1980. Apple walitangaza lugha ya Swift mwaka 2014, na huko tatizo la leo ni dogo zaidi: orodha za Swift hupita kama thamani, kwa hiyo unayempa anapata yake, na ukiandika `private(set)` nje hakuna wa kuibadilisha. Lakini programu iliyoandikwa kabla ya hapo haikujiandika upya yenyewe. Iko kwenye simu za watu, inashika hesabu za watu. Anayeirithi ni lazima aijue.

Mpaka wa somo hili

Tusidanganyane. Neno `readonly` si kufuli la mwizi. Mwenye nia anaweza kupita kwa njia nyingine, kwa mfano `setValue:forKey:`, akafika hadi sifa za ndani. Tulichojenga leo kinatukinga na makosa yetu wenyewe, na makosa ya mwenzetu mwenye haraka. Hicho si kidogo, maana yule baharia angeumizwa na kosa, si na mwizi.

Kwa upande wa pesa yenyewe, daftari la kweli halimo kwenye simu yoyote. Liko kwenye seva ya malipo, na simu yako inaonyesha nakala. Meseji ya "umepokea" ni nakala. Ukurasa wa "Hesabu" ni nakala. Picha ya skrini anayokuonyesha mteja ndo kabisa, ni nakala ya nakala, na mtu anaweza kuitengeneza. Vinapogongana, taarifa ya akaunti ndiyo inayoaminika.

Maswali matatu ya kumwuliza fundi wako

Haya ni ya mwenye biashara. Huhitaji kujua msimbo.

1. "Ni sehemu ngapi za programu zinazoweza kuandika au kufuta malipo?" Jibu zuri ni moja. Akianza kuhesabu kwa vidole, kuna kazi ya kufanya.
2. "Nikifuta jina kwenye ukurasa huu, jumla ya ukurasa ule inabadilika?" Mwambie afanye mbele yako. Lipieni nauli tatu za majaribio, futa moja kwenye "Wanaosubiri", angalieni "Hesabu". Ikishuka, kasoro ya leo imo.
3. "Programu inalinganisha jumla yake na taarifa ya akaunti?" Iwe inalinganisha angalau kabla ya mgao wa jioni, na tofauti ikitokea ionekane wazi kwenye kioo.

Zoezi la fundi

Andika jaribio hili na uliweke kwenye programu yako leo. Ingiza malipo mawili. Chukua `daftari.malipo` uiweke kwenye kigeu. Ingiza malipo ya tatu. Sasa hesabu vilivyomo kwenye kigeu chako.

Ukipata 2, hongera, umepewa nakala. Ukipata 3, umeshika daftari lenyewe, na kila aliyeliomba kabla yako amelishika pia.

Na kwa nahodha wetu: siku hesabu ikija pungufu, kabla hujamgeukia kijana, fungua taarifa ya akaunti. Ukikuta shilingi 1,400 zimekaa pale, wa kuitwa ni fundi, na baharia aachwe afungue kamba, abiria wafike.

Tukutane somo lijalo.